Nyungunyungu: Mwili Wake na Jinsi Unavyofanya Kazi

Wanafunzi wengi wamjua nyungunyungu kwa mambo mawili tu: kwamba ni chambo kizuri cha samaki, na kwamba mtu akimkata kwa jembe hupatikana nyungunyungu wawili. Neno la kwanza ni kweli. La pili si kweli, na yafaa tuliondoe vichwani mwetu, kwa maana limewafanya watu wengi kukata viumbe hawa ovyo bila kuona hasara yoyote. Lakini haitoshi kumwambia mtu, "Si kweli," na kumwacha hapo. Lazima aelezwe sababu, na sababu yenyewe imo ndani ya mwili wa mnyoo huyu. Basi katika makala hii tutamtazama nyungunyungu kutoka nje mpaka ndani, kiungo kwa kiungo, ili mwisho tujue mnyoo aliyekatwa amepoteza nini, na mwenye shamba amepoteza nini pamoja naye.

Jamaa ya nyungunyungu ni kubwa sana. Aina zake ni maelfu. Wako wafupi kuliko kidole, na yuko mmoja wa Australia, katika nchi ya Gippsland, aitwaye Megascolides australis, ambaye hupita mita 1 kwa urefu. Yule aelezwaye katika vitabu vingi vya elimu ya viumbe ni nyungunyungu wa Ulaya, Lumbricus terrestris. Huyo ndiye nitakayemfuata hapa, kwa sababu mwili wake umechunguzwa kwa muda mrefu na kila kiungo kimehesabiwa mahali pake. Msomaji atakayechimba udongo nyuma ya jiko lake asishangae akiona tofauti kidogo. Kwa mfano, Eudrilus eugeniae, ambaye asili yake ni Afrika ya Magharibi na ambaye sasa hufugwa katika nchi nyingi za joto kwa kutengeneza mbolea, hana viungo vyake vyote katika pingili zile zile. Lakini mpango wa mwili ni mmoja, kama vile nyumba ya bati na nyumba ya makuti zote zina mlango, kuta na paa.

Tuanze na sura yake ya nje. Mwili wa nyungunyungu ni mrefu, wa mviringo, umegawanyika pingili pingili kama muwa. Lumbricus aliyekomaa hufika sentimita 20 na zaidi, naye huwa na pingili kama 150. Ukimtazama kwa haraka waweza kudhani kwamba hana mbele wala nyuma, lakini anazo zote mbili. Mbele pamechongoka kidogo, na hapo mna kinywa, na juu ya kinywa pana mdomo mdogo kama kifuniko, ambao humsaidia kupenya udongo. Nyuma pamebapa, na pingili ya mwisho ina tundu la kutolea mavi. Tena ana mgongo na tumbo: mgongo ni mweusi zaidi, tumbo ni jeupe zaidi. Katika mnyoo aliyekomaa, kuanzia pingili ya 32 mpaka ya 37, ngozi imevimba na kunenepa kama tandiko la punda. Nitaliita tandiko, na msomaji alikumbuke, maana tutalirudia mara mbili.

Mnyoo huyu hana mfupa hata mmoja, wala hana gamba. Je, mtu asiye na mifupa atasimamaje, na mnyoo asiye na mifupa atasukumaje udongo mgumu? Jibu ni maji. Kati ya ukuta wa mwili na utumbo pana nafasi iliyojaa maji, na nafasi hiyo imekatwa vyumba vyumba kwa viwambo, karibu kila pingili na chumba chake. Maji hayashindiliki. Chukua mfuko mwembamba uliojaa maji, uufunge, kisha uubane katikati: utaona unarefuka. Ubonyeze kutoka ncha zote mbili: utaona unanenepa. Nyungunyungu afanya vivyo hivyo kwa misuli yake, nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza imeuzunguka mwili kama pete. Ya pili, iliyo chini ya hiyo, imelala kwa urefu kutoka kichwani kwenda mkiani. Pete zikijikaza, mnyoo huwa mwembamba na mrefu. Misuli ya urefu ikijikaza, huwa mfupi na mnene.

Lakini kurefuka na kufupika peke yake hakumpeleki mtu popote. Angekuwa akienda mbele na kurudi pale pale. Kwa hiyo kila pingili, isipokuwa ya kwanza na ya mwisho, ina nywele nane fupi, ngumu, zilizopangwa mbili mbili upande wa tumbo na ubavuni. Ukimpitisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani utazisikia zikikwaruza, na ukimweka juu ya karatasi kavu na kutega sikio utasikia sauti yake akitembea. Nywele hizi ni nanga. Huzichomeka nyuma, akajirefusha mbele. Huzichomeka mbele, akauvuta mkia. Ndizo zinazofanya ndege ahangaike kumtoa nyungunyungu shimoni mwake, na mara nyingine mnyoo hukatika kabla ya kuachia.

Sasa tuje kwenye chakula. Hapa twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba nyungunyungu ni utumbo unaotembea. Njia ya chakula yaenda moja kwa moja kutoka kinywani mpaka mwisho wa mwili. Hana meno. Baada ya kinywa pana koo nene lenye misuli, nalo huvuta chakula ndani kama mtu anyonyaye. Chakula chenyewe ni majani yaliyooza na udongo wenye vitu vilivyokufa. Kutoka kooni hupita katika umio mwembamba, ambao kando yake pana tezi za kutoa chokaa iliyozidi. Kisha hufika katika mfuko wa kuwekea, mfano wa ule wa kuku ambao hujaa punje shingoni kabla hazijasagwa. Baada ya mfuko huo, karibu na pingili ya 17, ipo firigisi.

Kila aliyewahi kuchinja kuku aijua firigisi: nyama ngumu yenye mawe madogo ndani. Ya nyungunyungu ni vivyo hivyo. Haina mawe makubwa, lakini ina chembe za mchanga alizomeza pamoja na chakula, na misuli yake hukaza na kulegea, chembe zikasaga majani mpaka yakawa laini kama uji. Hapo hupita kwenye utumbo mrefu, unaoshika sehemu yote ya mwili iliyobaki. Paa la utumbo huu limekunjwa likaning'inia ndani kama pindo la shuka, na kwa ajili ya pindo hilo chakula hupata mahali papana zaidi pa kunyonywa na damu. Kisichonyonywa hutoka nyuma, nacho ndicho kile kinyesi tukionacho asubuhi juu ya ardhi, kama vidonge vidogo vya udongo vilivyorundikwa. Kinyesi hicho si uchafu. Ni udongo uliosagwa, uliochanganywa na majani, na chakula cha mimea kilichomo huwa rahisi kuchukuliwa na mizizi.

Baada ya chakula ni pumzi. Nyungunyungu hana mapafu, wala hana mashavu kama samaki. Huvuta hewa kwa ngozi yake yote. Lakini hewa haiwezi kupenya ngozi ya mnyoo mpaka kwanza iyeyuke katika maji. Ndiyo sababu ngozi yake ina ute daima, na ndiyo sababu mgongoni, kati ya pingili na pingili, pana vitundu vidogo vya kutoa maji kutoka ndani ya mwili ili kuilowesha. Ngozi ikikauka, hewa haipiti, na mnyoo hufa kwa kukosa pumzi, ingawa hewa imemzunguka pande zote. Jambo hili ndilo kubwa katika maisha yake yote. Hukaa gizani kwa sababu ya ngozi. Hutoka usiku kwa sababu ya ngozi. Wakati wa kiangazi aina nyingi huenda chini zaidi, zikajikunja kama fundo katika chumba kidogo, zikangoja mvua.

Watu husema kwamba nyungunyungu hutoka nje baada ya mvua kubwa kwa kuogopa kuzama. Jambo hili lataka kuangaliwa vizuri. Kwa kuwa avuta hewa kupitia ngozi yenye maji, mnyoo akiwekwa ndani ya maji yenye hewa ya kutosha aweza kuishi siku nyingi. Yamuuayo si maji, bali ni kukosa hewa ndani ya maji yaliyotuama. Tena ardhi iliyolowa humpa nafasi ya kusafiri juu bila kukauka. Hatari humpata jua litokapo naye bado yuko njiani: mwanga wake mkali humdhuru, na joto humkausha. Hao ndio tuwaonao wamekufa juu ya njia saa nne ya asubuhi.

Hewa ikiisha kupita ngozini huchukuliwa na damu. Damu ya nyungunyungu ni nyekundu kama yetu, na kitu kiitiacho wekundu ni kile kile, yaani hemoglobini. Tofauti ni kwamba kwetu sisi hemoglobini imo ndani ya chembe za damu, na kwake imeyeyuka katika maji ya damu yenyewe. Damu yake haimwagiki ovyo mwilini kama ya panzi, bali hukaa ndani ya mishipa. Mshipa mkubwa mmoja wapita mgongoni, juu ya utumbo, ukipeleka damu mbele. Mwingine wapita tumboni, chini ya utumbo, ukirudisha damu nyuma. Kati ya hiyo miwili, kuanzia pingili ya 7 mpaka ya 11, pana jozi 5 za mishipa minene ipigayo kama moyo. Kwa hiyo vitabu vingine husema kwamba nyungunyungu ana mioyo 10. Kwa mnyoo mdogo mwenye ngozi nyembamba, waweza kuuona mshipa wa mgongoni ukipiga bila hata kumpasua.

Taka za mwilini nazo lazima zitoke. Sisi tuna figo mbili. Nyungunyungu ana jozi ya vijibomba vilivyojipinda karibu katika kila pingili, isipokuwa pingili 3 za kwanza na ile ya mwisho. Kila kijibomba kina mdomo kama faneli, nao umo katika pingili iliyo mbele yake. Huchota maji ya mwilini, yakapita katika mizunguko mingi, vitu vyenye faida vikarudishwa katika damu, na taka zikatolewa nje kwa kitundu kidogo. Ni figo zaidi ya mia mbili katika mwili usiozidi unene wa kalamu.

Je, ana akili? Ana ubongo, ingawa ni mdogo: vifundo viwili vya neva vilivyoungana, juu ya koo, katika pingili ya 3. Kutoka hapo neva hulizunguka koo, zikakutana chini, zikawa uzi mmoja upitao tumboni mpaka mkiani. Katika kila pingili uzi huo una kifundo chake, na kifundo hicho chaweza kuamuru misuli ya pingili ile. Tena ndani ya uzi huo mna nyuzi nene chache zipelekazo habari upesi sana toka ncha hii mpaka ile. Hizo ndizo zimwezeshazo kurudi shimoni ghafula akiguswa.

Macho hana, wala masikio hana. Lakini katika ngozi yake, hasa mbele, mna chembe zinazojua mwanga na giza. Mwanga mwekundu haumshtui sana, na mvuvi ajuaye hilo hufunika taa yake kwa karatasi nyekundu anapotafuta chambo usiku. Habari ya masikio ilijaribiwa na Charles Darwin, yule mtaalamu Mwingereza, aliyefuga nyungunyungu katika vyungu nyumbani kwake. Aliwapigia filimbi kwa nguvu, hawakujali. Walipopigiwa piano karibu nao hawakujali pia. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe na noti ikapigwa, mara waliingia mashimoni. Basi hawasikii sauti ya hewani, ila wasikia mtikisiko wa kitu walichokalia. Ndiyo maana hukimbia nyayo zetu kabla hatujafika.

Limebaki jambo la uzazi. Kila nyungunyungu ni huntha, yaani ni dume na jike katika mwili mmoja. Viungo vya kiume vimo katika pingili za 10 na 11, na ovari zimo katika pingili ya 13. Hata hivyo Lumbricus hajizalishi peke yake. Usiku, wawili hulala tumbo kwa tumbo, kichwa cha huyu kikielekea mkia wa yule, wakashikamana kwa ute, na kila mmoja akampa mwenziwe mbegu. Mbegu hizo huwekwa akiba katika vifuko vilivyomo katika pingili za 9 na 10, kisha wakaachana.

Sasa turudi kwenye tandiko. Siku za kutaga zikifika, tandiko hutoa utando uuzungukao mwili kama pete. Mnyoo huanza kurudi kinyumenyume, pete ikasogea kuelekea kichwani. Ikipita pingili ya 14 hupokea mayai. Ikipita za 10 na 9 hupokea mbegu za yule mwenziwe. Ikivuka kichwa hujifunga ncha zote mbili, ikawa kifuko kidogo kuliko punje ya hindi, chenye umbo la limau. Humo, ndani ya udongo, mtoto hukua, akatoka akiwa nyungunyungu kamili ila mdogo, bila kupitia hali ya kiwavi.

Baada ya hayo yote, sasa twaweza kulijibu lile neno la jembe. Hebu msomaji ajihesabie. Ubongo umo katika pingili ya 3. Mioyo imo kati ya 7 na 11. Uzazi wote umo kati ya 9 na 15. Firigisi imo karibu na 17, na tandiko huishia 37. Kumbe pingili zote zaidi ya mia zilizobaki nyuma zina utumbo, mishipa, neva na vile vijibomba tu. Jembe likipita nyuma ya tandiko, sehemu ya mbele ina kila kitu cha lazima, nayo yaweza kupona na kuotesha mkia mfupi, kama kidonda hakikuoza. Lakini sehemu ya nyuma haina kinywa, haina ubongo, haina firigisi, wala haiwezi kuviumba upya. Itakufa. Na jembe likipita katikati ya mioyo na tandiko, mara nyingi hufa pande zote mbili.

"Lakini nimeuona mkia ukicheza!" atasema mtu. Ni kweli umeuona. Tumekwisha kueleza kwamba kila pingili ina kifundo chake cha neva. Vifundo hivyo huendelea kuamuru misuli kwa muda, hata kama kichwa hakipo. Kucheza kule si uhai mpya ulioanza, ni uhai wa zamani unaokwisha. Basi hesabu ya jembe si mmoja kuwa wawili. Ni mmoja kuwa mmoja mgonjwa, au mmoja kuwa hakuna.

Na hasara ni ya nani? Mwaka 1881, akiwa na umri wa miaka 72, Darwin alitoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu. Alikuwa amepima na kukadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita katika miili yao kila mwaka kwa eka 1 na kuletwa juu. Nani kati yetu aweza kulima eka moja namna hiyo, bila mshahara, usiku, na kuacha ndani ya ardhi matundu ya kupitisha maji na hewa? Wako wanaodhani kwamba wanyoo hawa hula mizizi ya mazao. Lakini tumeona: hawana meno, na chakula chao ni vitu vilivyokufa.

Kwa mwanafunzi atakayempasua maabara, nina shauri moja. Apasue upande wa mgongoni, kando kidogo ya mshipa wa damu, wala asizamishe ncha ya mkasi, maana utumbo u karibu sana na uzi wa neva u chini yake. Kisha ambane kwa pini ndani ya maji, ili viungo vielee na kuonekana. Mnyoo mmoja aliyepasuliwa vizuri hufundisha zaidi ya kumi walioharibiwa.

Na kwa ndugu zetu mliokwisha kuondoka shuleni, ambao sasa mna migomba na mibuni yenu, shauri latoka katika ngozi ile ile. Mnyoo avuta hewa kwa ngozi yenye maji. Basi ardhi iliyoachwa wazi juani humfukuza au humuua. Msichome majani makavu. Yatandazeni chini ya migomba, yatakuwa kivuli chake na chakula chake. Samadi humfaa. Dawa za shaba zinyunyizwazo mibuni zitumieni kwa kipimo, kwa maana shaba ikikusanyika udongoni humdhuru, na ngozi yake haina gamba la kuizuia. Na mkilima, limeni kwa lazima, si kwa desturi tu. Mkimfukua bila kukusudia, mfunikeni kwa udongo unyevu kabla jua halijamkausha, aendelee na kazi yake.

Mwanafunzi, Kidato cha 6